Haditopu za Marekani: Siri imo katika nguzo isiyokuwepo

MTU akitaja haditopu katika barabara za Kenya, wengi huwaza Land Cruiser la paa la bati, lile la mbugani na la barabara mbovu, kinyume cha lile la turubai. Nchini Marekani neno hilo lina maana nyingine kabisa, na asiyeifahamu maana hiyo anaweza kulipa fedha nyingi kununua gari la kale ambalo silo alilodhani analinunua.

Chukua mfano wa Chevrolet Bel Air la mwaka 1957 lenye milango miwili. Magari mawili ya aina hiyo yanaweza kusimama bega kwa bega yakiwa na rangi ile ile, injini ile ile na mapambo yale yale ya kromu ubavuni, lakini moja likauzwa kwa bei ya juu zaidi kuliko mwenzake. Asiyejua atadhani kwamba muuzaji ana tamaa. Anayejua atateremsha vioo vyote vya ubavuni, arudi nyuma hatua chache, kisha atazame. Gari moja litabaki na nguzo ya chuma iliyosimama wima baina ya dirisha la dereva na dirisha la abiria wa nyuma. La pili halitakuwa na kitu hapo. Kuanzia mbele hadi nyuma ni uwazi mtupu, na paa linaonekana kana kwamba linaelea hewani.

Hilo la pili ndilo haditopu.

Neno lenyewe linapotosha, kwa kuwa maana yake ni paa gumu, na karibu kila gari lina paa gumu. Lilizaliwa kwa sababu magari haya yalilinganishwa na yale ya wazi, yenye paa la turubai linalokunjwa. Haditopu ya kweli haitambuliwi kwa paa bali kwa mambo mawili: haina nguzo ya katikati juu ya usawa wa madirisha, na vioo vyake havina fremu ya chuma inayobaki imesimama vinapoteremshwa. Sharti yote mawili yawepo. Msomaji aliyewahi kupanda Subaru Legacy au Impreza la miaka ya 1990 ameona milango ambayo vioo vyake havina fremu juu. Hata hivyo, akifungua mlango huo ataikuta nguzo ya kati imesimama palepale. Kwa hivyo gari hilo si haditopu kwa maana ya Wamarekani, ingawa limeazima nusu ya umbo lake.

Chanzo cha umbo hili ni kero za turubai. Gari la wazi lilikuwa fahari ya vijana na matajiri, lakini paa lake lilivuja mvua, lilipitisha baridi ya majira ya kipupwe, lilipiga kelele za upepo katika mwendo wa kasi, na mwizi mwenye kisu hakuhitaji ufunguo. Inasimuliwa kwamba mke wa ofisa mmoja wa kampuni ya Buick alipenda sana kununua magari ya wazi lakini hakuwahi kuliteremsha paa, kwa kuwa upepo ungemharibia nywele. Alichokipenda ni sura tu. Iwapo kisa hicho kilitokea hasa jinsi kinavyosimuliwa au kimetiwa chumvi, kinaeleza vyema walichokigundua wabunifu: wanunuzi wengi walitaka kuonekana ndani ya gari la wazi bila kuadhibiwa nalo.

Chrysler ilikuwa imeunda magari saba ya majaribio ya namna hii mwaka 1946, chini ya jina Town & Country, lakini ikasita. General Motors ndiyo iliyolifanya wazo hilo biashara. Mwaka 1949 ilitoa haditopu tatu kwa mpigo: Buick Roadmaster Riviera, Oldsmobile 98 Holiday na Cadillac Coupe de Ville. Mwaka huo Coupe de Ville zilizoundwa zilikuwa 2,150 pekee. Mwaka uliofuata umbo hilo liliteremka hadi Chevrolet, gari la mwananchi wa kawaida, kwa jina Bel Air, na magari 76,662 yakaundwa. Ford, ambayo ilikuwa imeachwa nyuma, ilijibu mwaka 1951 kwa Victoria, na kwa mwaka huo mmoja ikaunda 110,286, idadi iliyoipita ya mshindani wake.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu majina, kwa sababu ndiyo yanayowavuruga wanunuzi hadi leo. Kila kampuni iliibatiza haditopu yake jina la starehe: Riviera ni pwani ya kitalii barani Ulaya, Catalina ya Pontiac ni kisiwa karibu na California, Newport ya Chrysler ni mji wa matajiri pwani ya mashariki, na Hollywood ya Hudson haihitaji maelezo. Mwanzoni jina lilitambulisha umbo. Aliyesema Bel Air mwaka 1951 alimaanisha haditopu wala si kitu kingine. Lakini kuanzia 1953 Chevrolet ililitwaa jina hilo na kulipa daraja zima la magari yake ya bei ya juu, yakiwemo ya milango minne yenye nguzo. Plymouth ilifanya vivyo hivyo na Belvedere mwaka 1954, Pontiac na Catalina mwaka 1959, na Chrysler na Newport mwaka 1961. Matokeo yake ni kwamba jina lililobandikwa ubavuni mwa gari, isipokuwa katika miaka ile michache ya mwanzo, halithibitishi lolote kuhusu umbo lake.

Je, nguzo hiyo ilikuwa na kazi gani hata kuondolewa kwake kuwe jambo kubwa? Katika gari la kawaida, paa, nguzo na sakafu hushikana kama sanduku. Nguzo ya kati hubeba sehemu ya uzito wa paa, huzuia bodi isijipinde gurudumu moja linapoingia shimoni, hukinga abiria anapogongwa ubavuni, na katika gari la milango minne huwa ndiyo inayobeba bawaba za mlango wa nyuma na kitasa cha mlango wa mbele. Ukiikata, sanduku hulegea. Ndiyo maana haditopu za mwanzo zilichukua sehemu nyingi za chini kutoka kwa gari la wazi, ambalo tayari lilikuwa limeongezwa vyuma sakafuni kwa kuwa halikuwa na paa la kuliimarisha. Ajabu ni kwamba gari lililoonekana jepesi kama kishada aghalabu lilikuwa na chuma kingi zaidi chini kuliko ndugu yake mwenye nguzo.

Mfano bora wa kuitenga nguzo na mengine yote ni Studebaker la 1953, kazi ya studio ya Raymond Loewy ambako Robert Bourke ndiye aliyeongoza uchoraji wake. Gari hilo la milango miwili, la chini na lenye pua ndefu, liliuzwa kwa namna mbili. Lililoitwa Starlight lilikuwa na nguzo. Starliner halikuwa nayo. Mstari wa paa ni ule ule na mwili ni ule ule, lakini ukiyaweka pamoja huku vioo vimeteremshwa, jicho linaona magari mawili. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna gari lingine la enzi hiyo linaloonyesha waziwazi kiasi hicho jinsi kipande kimoja cha chuma kinavyoweza kubadilisha sura nzima.

(Wenye ujuzi wa magari huliita gari la milango miwili kwa neno la Kifaransa ambalo kwa sikio la Mswahili ni kupe. Kwa kuwa kila mfugaji anamjua kupe, na si kwa uzuri, makala haya yatasema tu gari la milango miwili.)

Kuiondoa nguzo katika gari la milango miwili kulikuwa rahisi kwa kiasi, kwani mlango wa nyuma haupo. Kwa milango minne wahandisi walikabiliwa na swali: mlango wa nyuma utaning'inia wapi? Jibu lilikuwa kuacha kisiki. Nguzo fupi na nene ilichomoza kutoka sakafuni ikakomea kwenye usawa wa madirisha, ikabeba bawaba na vitasa, na juu yake pakabaki hewa. Vioo viwili vilikutana vyenyewe kwa vyenyewe, vikitenganishwa na ukanda wa mpira tu. General Motors ilitoa haditopu za milango minne katikati ya mwaka wa magari wa 1955, kupitia Buick na Oldsmobile. Kufikia 1956 Ford na Chrysler pia zilikuwa nazo, na Cadillac ilikuwa imeanzisha Sedan de Ville. Familia yenye watoto sasa iliweza kuonekana ya kisasa bila mtu kupinda mgongo kuingia kiti cha nyuma.

Ushindani ulipopamba moto, hata stesheni wagoni ilivuliwa nguzo zake. Rambler ilitangulia mwaka 1956, Buick ikafuata kwa Caballero na Oldsmobile kwa Fiesta za 1957 na 1958, Mercury ikaziunda hadi 1960, na Chrysler ikashikilia hadi 1964. Ni miongoni mwa maumbo yanayosakwa sana siku hizi kwa kuwa ni adimu, lakini uadimu huo una sababu. Paa refu la wagoni lisilo na nguzo lilihitaji kuimarishwa kwa gharama, na mnunuzi wa gari la kubebea mbwa, mahema na magunia ya viazi hakuona kwa nini alipie urembo.

Baada ya nguzo kuondoka, wabunifu waligeukia paa lenyewe, na hapo ndipo aina zilipozaana. Mwaka 1959 General Motors iliipa haditopu yake ya milango minne paa bapa kama meza, lililojitokeza nyuma juu ya kioo kikubwa kilichozunguka hadi ubavuni. Cadillac ilimwachia mnunuzi achague: paa hilo bapa lenye madirisha manne ubavuni, mawili kila upande, au paa lililoteremka taratibu lenye madirisha sita. Zote mbili ni haditopu, zote ni za mwaka ule ule, lakini ukiagiza kioo cha nyuma cha moja kwa ajili ya nyingine umepoteza nauli.

Ford ilielekea kwingine. Thunderbird la 1958 lilikuwa na bega pana la chuma nyuma ya dirisha na kioo cha nyuma kilichosimama karibu wima, umbo lililompa abiria faragha. Watu walilipenda, na Ford ikalihamishia kwenye Galaxie. Chevrolet kwa upande wake ilitoa mwaka 1961 haditopu ya milango miwili yenye nguzo za nyuma nyembamba kama fimbo na kioo kikubwa kilichopinda, ambayo wapenzi wake waliiita paa la povu. Mwaka 1962 Impala ilibadilishiwa paa, likatiwa mikunjo ya kuigiza turubai iliyotandazwa, ilhali Bel Air la bei nafuu likabaki na lile la povu. Vijana wa mashindano ya mbio walilikimbilia Bel Air hilo na kulitia injini kubwa ya 409.

Kwamba paa si pambo tu kulithibitika uwanjani. Bega lile wima la Ford lilikamata upepo katika mbio za kasi. Katikati ya msimu wa 1963 kampuni hiyo ikatoa Galaxie lenye paa lililolala nyuma, na Februari mwaka huo Tiny Lund akashinda nalo mbio za Daytona 500, huku magari ya Ford yakijaza nafasi zote tano za kwanza.

Lipo pia ajabu la Ford Skyliner, lililouzwa kuanzia 1957 hadi 1959. Paa lake la chuma lilijiinua kwa umeme, likakunja ncha yake ya mbele, likarudi nyuma na kuzama ndani ya buti lililofunguka kinyumenyume. Watu walijaa barabarani kulitazama. Yaliundwa 48,394, kisha mradi ukafungwa. Paa likiwa ndani, buti halikuwa na nafasi ya mizigo ila kijisanduku kidogo, na nyaya na swichi zake zilikuwa mtihani kwa fundi yeyote.

Kuna magari mengine ambayo watu huapa kuwa ni haditopu nayo si haditopu. Lincoln Continental la 1961, lenye milango ya nyuma inayofungukia upande wa pili, lilikuwa na nguzo nyembamba iliyofichwa vizuri. Lile la wazi la milango minne ndilo halikuwa na nguzo. Haditopu ya Continental ya kizazi hicho ilikuja mwaka 1966, nayo ni ya milango miwili.

Sasa tuje kwenye upande ambao matangazo ya biashara hayakuutaja. Gari lisilo na nguzo lilimwacha abiria bila kinga ya maana kutoka begani kwenda juu. Kuanzia 1958 hadi 1964 Chevrolet kubwa zilikuwa na fremu ya chini yenye umbo la herufi X, isiyo na reli za pembeni, hivyo aliyegongwa ubavuni katika haditopu ya miaka hiyo hakuwa na nguzo ubavuni wala reli kando ya miguu. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na kampuni za bima, iligonganisha kwa mwendo wa takriban kilomita 64 kwa saa Chevrolet Bel Air la 1959 na Chevrolet Malibu la 2009. Mlango wa Bel Air ulikunjamana na mwanasesere aliyekuwa kwenye usukani alipata pigo ambalo mtu asingepona. Gari hilo la 1959 lilikuwa lenye nguzo zote.

Kampeni ya usalama iliyochochewa na kitabu cha Ralph Nader cha 1965, na sheria iliyopitishwa mwaka uliofuata, zilibadilisha hesabu za wenye viwanda. Kanuni ya uimara wa paa ilianza kutumika Septemba 1973, ikitaka paa listahimili mzigo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari, au pauni 5,000, kutegemea kipi ni kidogo. Wengi husema kwamba kanuni hiyo ilipiga haditopu marufuku. Si kweli. Chrysler iliendelea kuuza Newport na New Yorker zisizo na nguzo, za milango miwili na minne, hadi 1978, na ndizo zilizofunga ukurasa huo nchini Marekani. Kilichoziua haditopu ni hofu ya kanuni kali zaidi zilizotarajiwa, pamoja na jambo ambalo wapenzi wa magari hawapendi kulikiri: vioo vilikuwa havifunguliwi tena. Mashine ya kupoza hewa ilipoenea, dereva alifunga madirisha mwaka mzima. Raha ya kuteremsha vioo vinne na kupita mjini kama mfalme iligeuka kuwa kelele za upepo na mipira iliyovuja.

General Motors ilikuwa imeshausoma upepo huo. Magari yake ya ukubwa wa kati ya 1973 yalikuwa na milango isiyo na fremu za vioo, lakini nguzo imara ilisimama katikati. Ford nayo ilikuja na kile ilichokiita haditopu yenye nguzo, jina ambalo ni sawa na kusema chai ya rangi yenye maziwa. Haditopu za mwisho za milango minne za General Motors zilikuwa za 1976.

Anayetaka kununua moja ya magari hayo leo, iwe ni Mkenya anayeishi ughaibuni au Mmarekani mwenyewe, hana budi kuanza na madirisha. Teremsha yote, kisha uyapandishe tena na kutazama vioo vinavyokutana. Vikiwa vimepishana au vikiacha upenyo usio sawa kutoka juu hadi chini, huenda mpira umechakaa tu, lakini pia huenda bodi imelegea na kujipinda kwa sababu ya kutu sakafuni. Inua zulia chini ya kiti cha nyuma, kwani maji yaliyopenya miaka 60 hukusanyika hapo. Fungua milango na uone kama inashuka.

Kisha fungua boneti, utafute bamba dogo lililopigiliwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Katika Chevrolet la 1957, namba ya bodi kwenye bamba hilo hutaja umbo: 11 ni gari la milango miwili lenye nguzo, 37 ni haditopu ya milango miwili, 39 ni haditopu ya milango minne, na 67 ni gari la wazi. Gari la paa la turubai ambalo bamba lake linasema 37 lilikuwa haditopu iliyokatwa paa na mtu aliyejua kwamba la wazi lina bei kubwa zaidi. Na bamba likikosekana, au likiwa limeshikiliwa na skrubu mpya zinazong'aa juu ya rangi ya zamani, muuzaji aeleze kwanza lilipokwenda lile la awali.